Ganzi Chini ya Ulimi

Kach.

Nilisikia kabla sijaona kitu. Macho yangu yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cha kijani, na sauti ilitoka ndani ya mdomo wangu mwenyewe, kama fundi anayekata jinzi nzito.

Kach. Tena.

"Usimeze," sauti ya mwanamke ikasema. "Hiyo mate wacha, mimi navuta na mpira hapa."

Sikuhisi chochote. Nilijua ni ulimi wangu unaokatwa, lakini sindano ya ganzi ilikuwa imeufanya kuwa ulimi wa mtu mwingine, na mimi nimekaa tu kando nikisikiliza kazi ya watu.

Wiki iliyopita mliniacha nje ya duka la rangi la mwajiri wangu Tarun, mjini Nakuru, maikrofoni mkononi, watu wakinirekodi kwa simu na kucheka mpaka wanashikana mabega. Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: naitwa Kiarie. Nilizaliwa na kamba fupi chini ya ulimi. Kamba hiyo ilininyima R na L tangu utotoni, na hata ND ilitoka imeharibika. Hata jina langu mwenyewe lilinishinda.

Lakini naandika mashairi. Hakuna aliyenifundisha. Maneno yote ambayo rafiki yangu Gedion huita wateja nayo pale dukani ni yangu. Siku aliyougua nikajitia ushujaa, nikashika maikrofoni yake. Video hiyo bado inazunguka.

Tarun hakunifukuza. Alinipeleka kwa dada yake, Daktari Shital, ambaye ni daktari wa meno, akamwambia, "Huyu kijana yangu, hebu angalia ulimi yake." Daktari akaangalia mara moja tu.

Sasa alinifunua macho. Taa ilikuwa kali.

"Nani aliacha hii mpaka umekuwa mzee hivi?" akauliza. "Watoto wadogo mimi nafanya hii kabla hawajamaliza kulia. Wewe umechelewa sana."

"Mama," nikajibu. Ilitoka kama tope.

"Mama hakujua?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Mama alijua vizuri.

Mnakumbuka habari za kaka yangu Ndegwa. Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kule Mau Narok, na yeye pia alizaliwa na kamba hiyo. Mkunga wa kijiji akaikata kwa wembe uliokuwa umekatia vitu vingine. Mtoto akashikwa na homa, taya zikakaza, hakufika wiki mbili. Nilipozaliwa mimi, mkunga yuleyule alikuja tena na wembe wake. Mama akanishika kifuani, akaapa kwamba chuma hakitagusa ulimi wa huyu. Mungu aliyeufunga ndiye atakayeufungua. Tangu hapo, kila Ijumaa mama yangu, ambaye jina lake ni Wangu, hufunga kula, kwa ajili ya ulimi wangu.

Na mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari bila kumwambia.

"Sikiza," Daktari Shital akasema akivua glavu. "Ulimi imefunguka, lakini haijui kutembea. Lazima ufundishe. Inua juu, toa nje, lamba huku, lamba huku. Kila siku, hata ikiuma. Ukikaa kimya, kidonda itashikana tena na mimi nitakata tena. Umeelewa?"

Nikaitikia.

Tarun alikuwa akinisubiri nje. "Kiarie! Sasa utaita wateja mpaka Naivasha wasikie! Sema kitu."

Nikafungua mdomo. Mate yenye damu yakaanguka kwenye shati langu jeupe.

"Basi, basi," Tarun akasema. "Sema kesho."

Mimi ni mtu wa hasira. Waulizeni watu wa mtaa wetu wa Kaptembwo. Nimewahi kumrushia mtu kikombe cha chai kwa sababu aliniigiza nilivyotaja mandazi. Nilidhani siku ulimi wangu utakapofunguliwa nitapiga kelele barabarani kama mwendawazimu. Lakini nilitembea mpaka nyumbani polepole, na njia nzima sikuhisi furaha wala hofu. Nilisema moyoni ni dawa. Itaisha jioni.

Jioni mdomo uliamka ukaanza kuniwaka. Kifua hakikuamka.

"Umefanya nini mdomo?" mama akauliza.

"Jino."

"Wameng'oa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akanipikia uji, akaupoza mwenyewe kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile. "Kunywa, baba," akasema.

Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu kwa mwana wa pili. Hajawahi kuniita kwa jina langu hata akikasirika. Nikanywa uji huo. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Kesho ilikuja ikapita, na nyingine nyuma yake. Mama akienda kwenye maombi, mimi husimama nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, natoa ulimi nje, naulamba mdomo wa juu, nausukuma kwenye meno. Kisha nasoma mashairi yangu kwa sauti. Nilichagua yale yaliyonitesa zaidi.

*Ulimi wangu mtoro, rejea kwangu nyumbani,*
*Umeniletea kero, nikachekwa barazani.*

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Kisha L ikaja. R ilikawia, ikaja nusu, ikarudi, ikaja tena. Jioni moja nikasoma mistari yote miwili bila kukwama. Nikairudia. Sauti ilikuwa nzuri. Niliisikia kama inatoka kwenye redio ya jirani.

"Nani huyo anasoma?"

Mama alikuwa mlangoni. Maombi yalikuwa yameisha mapema.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Nikatoka nyuma ya pazia. "Kiarie."

Jina likatoka zima. Kiondo kikamponyoka, viazi vikabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Sema tena."

"Kiarie."

"Tena!"

"Kiarie, mama."

Akapiga magoti pale pale katikati ya viazi. "Ni Ijumaa," akasema. "Ni Ijumaa, baba! Sijaonja hata maji tangu asubuhi!"

"Mama, ngoja nikuambie..."

"Uniambie nini? Si najua! Nilimwambia Mungu, huyu chuma haitamgusa. Walinicheka. Hata baba yako alinicheka mpaka akaenda kaburini. Sema jina la kaka yako."

Nikamtazama.

"Sema Ndegwa. Hujawahi kulisema vizuri."

"Ndegwa," nikasema.

Mama akafunika uso kwa leso na kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona. Nilisimama nikipatazama kama abiria anayeangalia gari lake likiondoka. Kisha akainuka, akatoka nje bila viatu, akaanza kuita majirani.

Ploti nzima ya wapangaji ikajaa chumbani mwetu. "Kiarie, sema lori!" "Sema Nakuru!" "Hebu sema 'nalala'!" Nikasema yote. Kila neno wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa nyumba ya pili akanichungulia mdomoni kwa tochi ya simu.

"Kuna kama alama hapa chini," akasema.

"Hapo ndipo Mungu aliguza," mama akajibu, na mzee akavua kofia.

Asubuhi nilipofika dukani, Gedion alikuwa akinisubiri kwa meno yote.

"Niaje, muujiza!"

"Wacha hiyo."

"Si mathe wako ameambia hadi stage ya boda! Nimeskia nikiwa kwa kinyozi. Sasa buda, niambie tu, siku hizi Mungu anaitwa Shital?"

"Gedion, nitakuzaba kofi."

"Hapo sasa! Huyo ndiye Kiarie najua." Akarudi nyuma hatua moja, akisubiri. Sikumzaba. Akaacha kucheka. "Boss, uko sawa?"

"Niko sawa. Nitamwambia ukweli leo."

"Nani, mathe? Umwambie umekatwa, baada ya kufunga miaka hiyo yote? Utamuua. Sikia. Wewe ingia kanisani, sema Bwana asifiwe, lia kidogo, keti. Imeisha. Nani ataumia?"

Nikaenda kupanga ndoo za rangi.

Pasta Sitati alikuja nyumbani jioni hiyo. Wengine huwasema vibaya wachungaji wa makanisa ya mabati kama letu, lakini huyu sitamsingizia. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, na mvua ikinyesha huwa anapanda mwenyewe kuziba paa.

"Kijana wangu," akasema, "jambo kama hili halifichwi. Kesho Jumapili utasimama utoe ushuhuda."

"Pasta, mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu."

"Ndiyo maana utasimama." Akanisogelea. "Kuna kitu ungependa kuniambia kabla ya hapo?"

Alinitazama machoni. Naamini mpaka leo kwamba ningesema, angenisikiliza. Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yake na thamosi ya chai, amevaa nguo aliyoishonea harusi ya watu, siku ya kazi.

"Hakuna, Pasta."

"Basi tuombe."

Nikafumba macho. Nikajipima ndani kama ninaona haya. Hakukuwa na kitu. Mtu akikaa juu ya mguu wake muda mrefu, huubonyeza kwa kidole na kuona ni nyama tu. Hivyo ndivyo nilivyojibonyeza.

Jumapili, kanisa lilijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa wenye kibanda cha nyama choma. Mama alikaa safu ya mbele kabisa, kitambaa cheupe kichwani. Mimi niliwekwa kwenye benchi la pembeni, karibu na spika, pamoja na wanaosubiri kuombewa.

Akaja kukaa kando yangu Mama Abby. Huyu ni Cate, jirani yetu wa chumba cha tatu, msichana wa rika langu tu. Mumewe huvuna maua Naivasha, huja mwisho wa mwezi. Alikuwa amemfunga mtoto wake kwenye shali, na nilipomtazama mtoto nikadhani amelala.

"Kiarie," akaninong'oneza, "wewe ndio umenipea nguvu."

"Nguvu ya nini?"

"Ya kungoja." Akafunua shali. Abby hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. "Hawezi kunyonya. Anashika anaachilia, anashika anaachilia, maziwa inamwagika tu. Nesi wa kliniki aliangalia akasema ni ulimi. Ati imefungwa, niende daktari aikate haraka kwa sababu kilo zinashuka."

Mtoto akafungua mdomo alie. Sauti haikutoka ya maana. Nikaona chini ya ulimi wake kamba nyeupe, imenyooka, imeuvuta ulimi katikati. Sikuhitaji kuambiwa. Nimeishi na kamba hiyo maisha yangu yote.

"Ulienda?" nikauliza.

"Nilikuwa niende jana. Nimeshamfungia nguo na kila kitu. Halafu mama yako akanikuta kwa mlango, akanishika mkono, akaniambia mambo ya Ndegwa. Nikalia sana, Kiarie. Akaniambia, 'Usikubali wamkate. Angalia mwanangu.'" Akatabasamu. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Ndio nikaangalia wewe."

Spika ikakwaruza. Kwaya ilikuwa ikimaliza.

"Mama Abby," nikasema, "mpeleke huyo mtoto hospitali. Leo."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mama yako aliniambia watu watajaribu kunirudisha nyuma. Hakuniambia ni wewe."

"Sikia, mimi sikupona kwa..."

"Usinijaribu imani yangu, tafadhali." Akamfunika mtoto. "Pasta ataomba na yeye leo ukimaliza ushuhuda. Mama yako ndiye atamshika. Sema tu vizuri, Kiarie. Sema vile Mungu alikufanyia."

"Lini alinyonya mara ya mwisho, akashiba?"

Akaanza kumtikisa Abby magotini, ingawa Abby hakuwa akilia.

"Na sasa!" Pasta Sitati akaita. "Tumpokee kijana wetu! Kiarie, mwana wa Wangu!"

Kanisa likainuka. Mabati yakatetemeka. Mtu akanisukuma mgongoni, mwingine akanipa maikrofoni, na nikajikuta mbele, nikitazama nyuso zilezile ambazo zamani zilikuwa zikiinama kuficha kicheko nikisoma mstari wa Biblia. Sasa zilikuwa zikiningoja.

Hii ndiyo siku niliyoiota nikiwa darasani. Umati, maikrofoni, ulimi usiokwama. Nilikuwa nimeiandikia mashairi. Ningewatoa machozi bila jasho, naujua uwezo wangu. Nikatafuta kiburi changu, nikakipata mahali pake, kizima, lakini kimelala.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Ameeen!"

"Bwana asifiwe tena."

"Ameeen!" Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kila herufi, midomo yake ikitamka pamoja nami, kama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Naitwa Kiarie."

Vigelegele. Mwanamke mmoja akarusha leso hewani. Nikangoja watulie.

"Mama yangu alizika mtoto kwa sababu ya ulimi kama wangu," nikasema. "Nilipozaliwa aliapa. Amefunga kila Ijumaa. Njaa yake ni ya kweli. Nataka mjue hilo kwanza."

"Sema, baba!" mama akaita.

Nyuma kabisa, mlangoni, nikamwona Gedion akiwa amevaa tai. Alikuwa akinifanyia ishara ya mkono, taratibu, juu chini, juu chini. Maliza. Keti.

Nani ataumia, alikuwa ameniuliza. Nikageuza macho kwenye benchi la pembeni. Cate alikuwa ameshamtoa Abby kwenye shali, amemwinua kwa mikono miwili ili mama aje amchukue. Miguu ya mtoto ilining'inia. Na mama alikuwa ameinuka tayari, mikono mbele, uso umelowa, akiwa na furaha ambayo sijawahi kumpa maishani na sijui kama nitampa tena.

Ndipo nikahisi kitu. Kilianza kwenye vidole vilivyoshika maikrofoni, kikapanda, na kiliuma.

"Mama," nikasema, "usimchukue."

Akasimama katikati ya njia. Kanisa likanyamaza kidogo kidogo, safu baada ya safu, wakidhani ni sehemu ya ushuhuda. Pasta Sitati akainamisha kichwa upande mmoja. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu alianza kuja kwangu, kisha akasimama, akaniacha na maikrofoni.

"Kiarie?" mama akasema. Kwa jina langu.

Nikamgeukia Cate, nikasema polepole, kila herufi mahali pake, ili hata wa barabarani asikie:

"Mama Abby, tukitoka hapa mimi na wewe tunaenda na mtoto kwa daktari aliyenikata mimi. Nitambeba mimi mwenyewe, na nitasimama hapo mpaka anyonye. Nakuahidi, na mama yangu anasikia."